Beryl Markham: Mkufunzi wa farasi aliyejua kusubiri

Wewe msomaji wa Kawangware 46, hebu nikuulize swali kabla mathree haijajaa. Ni mara ngapi umepita Ngong Road, muziki uko juu, ukaona ule uwanja mpana wa nyasi, ukasema moyoni kwamba hapo ni pa wadosi, kisha ukarudi kwa simu yako?

Njia yenyewe unaijua. Unatoka stage, unashuka na Naivasha Road hadi Dagoretti Corner, unakata kulia kama mtu anayeenda Karen. Unapita Jamhuri, miti inaanza kusongamana, na upande wa kushoto ndipo ilipo Ngong Racecourse, uwanja wa mbio za farasi. Jirani yako wa Kibera yuko karibu nao pia, maana kinachomtenga na farasi ni msitu tu. Na si ajabu. Kwa lugha ya Wanubi walioanzisha mtaa huo, Kibra ni msitu.

Basi huko ndani, katika nyumba ndogo ya klabu ya mbio, kuliishi bibi mmoja mzee, mrefu, mwembamba, asiye na pesa. Ungemkuta njiani ungemwamkia shikamoo na kupita. Hungejua kwamba farasi aliowafunza walishinda Kenya Derby mara sita. Hungejua pia kwamba mwaka 1936 alivuka bahari ya Atlantiki peke yake, usiku, katika ndege ndogo ya injini moja. Aliitwa Beryl Markham, na alifariki hapa Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, akiwa na umri wa miaka 83.

Nataka nikusimulie maisha yake. Sitakuficha kwamba alikuwa mtoto wa walowezi, na kwamba milango mingi ilimfungukia kwa sababu ya rangi yake. Lakini ndani ya maisha hayo mna jambo moja ambalo kijana wa mtaani anaweza kulibeba. Mama huyu alipoteza kila kitu si mara moja, si mara mbili, na kila mara kilichomwinua ni kile kile: kazi aliyoijua kwa mikono yake.

Mtoto wa Njoro

Alizaliwa Uingereza tarehe 26 Oktoba 1902, katika kijiji cha Ashwell, na jina lake la kwanza lilikuwa Beryl Clutterbuck. Baba yake, Charles, alikuwa mtu wa farasi. Alikuja huku wakati Kenya ilikuwa bado ikiitwa Afrika Mashariki ya Waingereza, akachukua shamba Njoro, karibu na ukingo wa Bonde la Ufa. Familia ikamfuata Beryl akiwa na miaka kama minne. Mama hakuyaweza maisha hayo. Alirudi Uingereza na kaka yake Beryl, akamwacha msichana mdogo na baba yake, farasi, na kinu cha kusaga nafaka.

Nani alimlea? Kwa sehemu kubwa, ni watu wa Kinandi na Kipsigis waliofanya kazi na kuishi katika shamba hilo. Alijifunza lugha yao na Kiswahili, akakimbia peku, akashika mkuki na kwenda kuwinda ngiri na wanaume. Angalia hapo vizuri. Wasichana wa Kinandi wenyewe hawakuruhusiwa kuwinda. Beryl aliruhusiwa kwa sababu alikuwa mtoto wa bwana shamba. Uhuru wake tangu utotoni ulikuwa na upande wa pili, na yeye hakuulizwa bei yake.

Rafiki yake mkubwa alikuwa mvulana wa Kinandi aitwaye Kibii. Baba ya Kibii, arap Maina, alikuwa mmoja wa wale waliomfunza Beryl kuwinda, na alifia katika vita vya kwanza vya dunia, vita vya Wazungu vilivyomeza Waafrika wengi. Kibii alipokuwa mtu mzima aliitwa arap Ruta. Shika jina hilo, tutalirudia.

Kuna kisa kingine kilichotokea si mbali na kwako. Upande wa Kabete palikuwa na familia moja ya walowezi iliyofuga simba. Waliamini amefugika. Siku moja Beryl akiwa mtoto alipita mbele yake akikimbia, na simba akamrukia. Aliokolewa, lakini alama za makucha alibaki nazo. Wengine wangeogopa wanyama maisha yao yote. Yeye alijifunza kwamba mnyama hubaki mnyama, na kwamba ukitaka kuishi naye ni wewe unayepaswa kumsoma, usingoje yeye akusome.

Shule haikumweza. Walimpeleka Nairobi, akafukuzwa. Darasa lake halisi lilikuwa zizini: kumlisha farasi, kumpiga msasa, kumshika mguu na kusikia kama una joto, kukesha farasi jike anapozaa. Alijua kutazama kabla ya kujua kuandika vizuri.

Kisha mvua ikakataa. Baada ya vita kulikuwa na ukame mkali, na baba yake alikuwa ametia saini mikataba ya kusaga unga kwa bei iliyowekwa mapema. Bei ya mahindi ikapanda, lakini mkataba ni mkataba. Aliutimiza, na ukamfilisi. Shamba likaenda, farasi wakauzwa, naye akaamua kuhamia Peru kutafuta kazi ya kufunza farasi. Beryl alikuwa tayari ameolewa na mlowezi mwenzake, akiwa hata hajatimiza miaka 17, na ndoa hiyo haikuwa na furaha. Alibaki Kenya. Alikuwa na farasi wachache na ujuzi wa zizini.

Akaomba leseni ya ukufunzi wa farasi wa mbio. Akapewa, akiwa na miaka kama 18 hivi, mwanamke wa kwanza nchini kuipata.

Dau ni la nani?

Hapa tusimame kidogo, maana labda mbio za farasi unazijua tu kwenye filamu. Wewe wikendi unaweka mkeka wako kwenye simu: Arsenal ashinde, Gor atoke sare, na timu nyingine saba ambazo hata uwanja wao hujawahi kuuona. Ukipoteza, umepoteza kwa jambo ambalo hukuwa na mkono ndani yake.

Mbio kubwa za farasi zilianza kwa dau la aina nyingine. Zamani, mwenye farasi ndiye aliyetoa pesa ili farasi wake mwenyewe aingie mbioni. Kila mwenye farasi alichanga, michango ikawekwa pamoja, na mshindi akabeba. Ndiyo maana hadi leo mbio za daraja la juu huitwa mbio za dau. Unamwandikisha mnyama wako mapema, unalipa kidogo kidogo, na kila awamu unajiuliza: huyu bado anaweza, ama nimtoe?

Farasi wenyewe ni wa ukoo maalumu, wale wanaoitwa thoroughbred. Ukoo huo ulitengenezwa Uingereza miaka zaidi ya 300 iliyopita kwa kuchanganya farasi wa huko na madume kutoka nchi za Mashariki. Watatu kati ya madume hao ndio hutajwa kama mababu: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Kila farasi wa mbio unayemwona Ngong Racecourse anaweza kufuatiliwa baba kwa baba hadi kwa mmoja wao.

Mbio za heshima zaidi ni za farasi wa miaka mitatu, na farasi ana nafasi moja tu maishani ya kuzikimbia. Waingereza walianza St Leger mwaka 1776 na Derby mwaka 1780, kisha walowezi wakayabeba majina hayo hadi huku. Kenya Derby hukimbiwa mita 2,400. St Leger ni ndefu zaidi, ndiyo inayotenganisha mwenye kasi na mwenye pumzi. Na kumbuka Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi. Ukizembea mazoezi, mwisho wa mbio utakuumbua.

Sasa fikiria mwili wa farasi huyo. Ana kilo kama 450 hadi 500, na miguu myembamba ajabu. Anapokimbia kwa kasi zote, kuna wakati mguu mmoja wa mbele peke yake hubeba mzigo unaozidi mara mbili uzito wake mzima. Nyuma ya mguu huo kuna kano, kama kamba. Kano ikichanika, hupona polepole sana, kwa sababu damu inayofika pale ni kidogo. Huwezi kuiharakisha kwa pesa wala kwa kelele. Ukimrudisha farasi uwanjani mapema, umemmaliza.

Kazi ya mkufunzi, basi, kwa sehemu kubwa ni kusubiri. Ni kuamka alfajiri, kugusa miguu, kuamua leo atembee tu, kesho akimbie kidogo, keshokutwa apumzike. Wazee walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama, na nadhani waliwahi kupita karibu na zizi.

Farasi mwenye miguu mibovu

Mwaka 1926 Beryl alikuwa akimwandaa farasi dume aitwaye Wrack kwa mbio za St Leger. Kila mtu mjini alisema Wrack ndiye mshindi. Kama alivyosimulia baadaye katika kitabu chake, mwenye farasi alianza kusikia maneno ya watu: utamwachiaje msichana farasi wa thamani hivyo? Majuma 12 kabla ya mbio, akamchukua Wrack na kumpeleka kwa mkufunzi mwingine.

Wewe ungefanya nini? Kazi yako imefanyika, matunda yanaenda kuvunwa na mwingine, na sababu ni kwamba wewe ni manzi mdogo.

Beryl alipewa farasi mwingine, jike aitwaye Wise Child. Alikuwa na ukoo mzuri na moyo mkubwa, lakini mkufunzi wa awali alikuwa amemfanyisha mazoezi magumu mno, na kano za miguu yake zilikuwa zimeumia. Watu hawakumpa nafasi. Hapo ndipo arap Ruta anapoingia. Alikuwa amemfuata Beryl kutoka Njoro, na sasa walifanya kazi pamoja zizini. Yule rafiki wa utotoni waliyeshindana naye kuruka juu sasa alikuwa mfanyakazi na yeye bosi, kwa sababu ndivyo ukoloni ulivyopanga meza. Lakini mikono yao ilifanya kazi ileile: bendeji, maji baridi, kukanda, kutembeza, kungoja. Walikuwa na majuma 12, na kila siku ilikuwa ni kupima. Ukimfanyisha kidogo hatakuwa na pumzi. Ukizidisha nukta moja, mguu unakwisha.

Mbio zilifanyika katika uwanja wa zamani wa Nairobi, ule uliokuwa upande wa Kariokor na Eastleigh. Uwanja wenyewe haupo tena, lakini ukienda Ngara utakuta barabara bado inaitwa Racecourse Road. Mpanda farasi aliitwa Sonny Bumpus. Wise Child alianza vizuri, akaongoza, na katika mwendo wa mwisho Wrack akaanza kumkaribia. Beryl anasimulia kwamba aliona mguu ukimshinda yule farasi jike mbele ya macho yake, na bado hakusimama. Akavuka mstari wa kwanza.

Msichana aliyenyang'anywa farasi bora alimshinda farasi huyohuyo akiwa na farasi mwenye miguu mibovu. Mjini hapakuwa tena na mtu wa kuuliza kama msichana anaweza.

Juu ya mabati ya Kibera

Ukiwa Kibera unazijua ndege ndogo za Wilson zinavyopita juu ya mabati. Uwanja huo ulipewa jina la Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha kampuni ya ndege hapa Nairobi mwaka 1929. Rubani mkuu wa kampuni hiyo, Tom Campbell Black, ndiye aliyemfunza Beryl kuruka, mwaka 1931.

Kwa nini mtu wa farasi aende angani? Maisha yake ya nyumbani yalikuwa yamevurugika tena. Alikuwa ameolewa mara ya pili, na Mansfield Markham, tajiri wa Kiingereza, ndiko alikolipata jina tunalomjua nalo. Walipata mtoto wa kiume mwaka 1929, lakini ndoa ikavunjika na mtoto akalelewa Uingereza na jamaa za baba yake. Hapa siwezi kumpamba. Beryl aliachwa na mama yake akiwa mdogo, na yeye naye hakumlea mwanawe. Wanaume alikuwa nao wengi, akiwemo mtoto wa mfalme wa Uingereza, na madeni pia hayakukosekana. Aliyekuwa na subira ya ajabu kwa farasi hakuwa nayo kwa watu.

Mwaka 1933 alipata leseni ya kurusha ndege kibiashara, mwanamke wa kwanza nchini Kenya kuipata. Akabeba barua, abiria na wagonjwa, na kutafuta tembo kutoka angani kwa niaba ya wawindaji matajiri, kazi ambayo leo tungeiona haramu kabisa. Arap Ruta alihama naye kutoka zizini hadi kwenye ndege. Aliyekuwa akipangusa farasi sasa alipangusa mabawa.

Halafu ikaja Septemba 1936. Kuvuka Atlantiki kutoka Ulaya kwenda Marekani ni kugumu kuliko kutoka Marekani kuja Ulaya, kwa sababu upepo mkuu huvuma kuelekea mashariki. Ukienda magharibi unaupanda kama mlima. Jioni ya tarehe 4, Beryl aliondoka Abingdon, Uingereza, katika ndege aina ya Vega Gull aliyoazimwa na mlowezi mmoja wa Kenya. Alikuwa peke yake, hana redio, mvua na giza mbele. Alikusudia kufika New York. Baada ya saa zaidi ya 20, barafu iliziba njia ya hewa ya tangi la mafuta, injini ikaanza kukohoa, na akaishusha ndege kwenye matope huko Cape Breton, Kanada. Pua ya ndege ilizama, paji lake la uso likapasuka, lakini alitoka akitembea.

Hakuna mwanamke aliyekuwa amevuka peke yake kuelekea upande huo bila kutua. Wala hapakuwa na mtu yeyote, mwanamume au mwanamke, aliyekuwa amefanya hivyo akitokea Uingereza. New York ilimpokea kama malkia. Lakini furaha haikufikisha hata majuma matatu. Tarehe 19 Septemba, Campbell Black, mwalimu wake, aliuawa katika ajali uwanjani Liverpool.

Mwaka 1942, akiwa Marekani, alichapisha kitabu cha maisha yake, West with the Night. Dunia ilikuwa vitani, watu hawakukinunua sana, kikasahaulika. Mume wake wa tatu alikuwa mwandishi, na hadi leo wapo wanaobishana ni mkono wa nani uliandika sehemu gani. Ndoa hiyo nayo ikavunjika. Akawa amebaki tena bila kitu: hana ndege, hana nyumba, na sifa zimeshapoa.

Kurudi zizini

Alirudi Kenya karibu na mwaka 1950. Nchi haikuwa ileile. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Aprili 1954 wanajeshi waliuzingira mji wa Nairobi katika msako ulioitwa Operation Anvil, na maelfu kwa maelfu ya watu, wengi wao Wakikuyu, wakapakiwa malori hadi kambi za kizuizini. Waulize wazee wa Dagoretti, watakwambia familia zipi hazikurudi kamili. Na mwaka huohuo wa 1954, mbio za farasi zilihamishwa kutoka uwanja wa zamani hadi Ngong Road, na Ngong Racecourse ikafunguliwa. Mji mmoja, mwaka mmoja. Huku watu wanahesabiwa nyuma ya seng'enge, kule farasi wanahesabiwa nyuma ya kamba.

Beryl alikuwa na zaidi ya miaka 50 alipoanza tena kufunza. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na miaka ya mwanzo ya 1960, farasi wake, waliofunzwa kwa muda mrefu huko Naivasha, walitawala uwanja huo wa Ngong. Walowezi wengine walifungasha virago Uhuru ulipofika mwaka 1963. Yeye naye alijaribu bahati Afrika Kusini, mambo hayakwenda, akarudi. Ukijumlisha, farasi aliowafunza walishinda Kenya Derby mara sita. Na hiyo ni mbio ambayo kila farasi ana nafasi moja tu ya kuikimbia. Huwezi kusema ni bahati. Bahati hairudi mara sita kwa mtu mmoja.

Uzeeni pesa ziliisha. Klabu ya mbio ilimpa nyumba ndogo uwanjani, na huko ndiko alikokaa, akiwaona farasi wakipita alfajiri. Inasimuliwa kwamba tarehe 1 Agosti 1982, siku ya jaribio la mapinduzi, aliwasha gari lake kwenda mjini kama kawaida. Askari wakalifyatulia risasi, na moja ikamkwaruza kidevu. Alikuwa na karibu miaka 80.

Mwaka uliofuata, 1983, kitabu chake kilichapishwa upya Marekani, baada ya mtu kugundua barua ya zamani ambamo mwandishi Ernest Hemingway alikisifu sana. Kitabu kilichokuwa kimesahaulika kwa miaka 40 kikauzwa kama maandazi ya asubuhi, na mauzo yakampa nafuu miaka yake ya mwisho. Baada ya kufa, wanasayansi waliliita shimo moja kwenye sayari ya Zuhura kwa jina lake. Jina la Markham liko mbali kuliko alivyowahi kuruka.

Safu isiyokuwepo

Nilikwambia tutarudi kwa arap Ruta. Siku ukienda Racecourse, nunua karatasi ya mbio na uisome. Utakuta jina la farasi, baba yake na mama yake, mwenye farasi, mkufunzi, na mpanda. Saisi, yule anayelala karibu na zizi, anayeugusa mguu wa kwanza asubuhi na wa mwisho usiku, hana safu yake. Wise Child alifika mstarini kwa mikono ya watu wawili walioanza pamoja wakiwa watoto. Mmoja ana shimo kwenye Zuhura. Mwingine tunamjua tu kwa sababu yule wa kwanza alimwandika.

Beryl, kwa haki, alimwandika. Kitabu kizima kinamtaja Ruta kwa heshima, na ukikisoma utaona kwamba bila yeye hadithi ina pengo. Lakini heshima kitabuni si sawa na leseni mkononi. Wakati Beryl anapewa leseni akiwa na miaka 18, kijana wa Kinandi mwenye ujuzi uleule hangeweza hata kuiota. Leo mambo yamebadilika kiasi. Wapanda farasi wengi wa Ngong ni Waafrika, vijana walioanza kwa kufagia mazizi, na ukufunzi hauulizi tena rangi. Ila farasi bado ni ghali, na mwenye farasi bado ni mwenye chapaa.

Kwa hivyo Jumapili moja ya mbio, badala ya kukaa nyumbani ukingoja mkeka uchanike, enda. Uwanja hauko mbali, umesikia njia. Usiende kubeti, enda kutazama. Kabla ya mbio, farasi hutembezwa kwenye duara watu wawaone. Usimtazame farasi peke yake. Mtazame anayemshika hatamu: macho yake yako miguuni, anahesabu hatua, anasikiliza. Huyo anajua kitu ambacho hakiuzwi kwenye simu.

Beryl alipoteza shamba, ndoa tatu, mwana, ndege na sifa. Kilichobaki kila mara ni ujuzi wa kushika mguu wa farasi gizani na kujua kama leo akimbie ama angoje. Wewe una ujuzi wako: cherehani, spana, jiko, kamera, kinyozi. Labda leo haukuletei kitu, na kuna mtu amekunyang'anya Wrack wako majuma 12 kabla ya siku yenyewe. Sawa. Mtafute Wise Child wako, umfunge bendeji, na uamke mapema kesho.